Kwa nini diski iliyoandikwa 16X ao 52X haimaliziki mbio vile etiketi inasema

Mu komini Kenya, hapa Lubumbashi, kazi ya kugrave diski haijaisha. Ni kweli, kle za USB na telefone zimechukua nafasi kubwa. Lakini filme ya ndoa, ya ubatizo ao ya kilio ingali inaombwa kwenye DVD, juu nyumba mingi ziko na masini ya DVD pembeni ya televizyo, na wazazi wetu wamezoea kuitumia hiyo.

Mu kazi hii kuko ubishi mumoja ambao haukomi. Kiliya anaangalia diski mupya: juu yake kumeandikwa 16X, ao 52X kama ni CD. Anajua kwamba namba kubwa ni mbio kubwa. Kisha anaona ordinateri ya kijana wa ateliye inaonyesha 4X, na dakika zinapita: tano, kumi, kumi na tano. Anaanza kufikiri kwamba wamemupa diski ya bandia, ao kijana hajui kazi. Kijana naye anaogopa umeme ukatike katikati, basi anasukuma mbio mpaka mwisho. Na hapo njo hatari inaanzia. Diski inatoka haraka, lakini kufika nyumbani masini inaikataa, ao picha inakwama pale tu bibi-arusi anaingia.

Basi tuelewe namba ile iko na maana gani, nani anaamua mbio ya kweli, na wakati gani polepole ni kitu kizuri ao ni ugonjwa.

X moja ni kiasi gani?

X ni kipimo. Inaonyesha mara ngapi graveri inapita mbio ya kwanza kabisa, ile iliyowekwa wakati chombo kilianzishwa. Kwa CD, mbio ya kwanza ni ile ya kusikiliza muziki: karibu kilobaiti 150 kila sekunde. CD ya dakika 80, ni kusema megabaiti 700, ukiiandika kwa 1X inachukua dakika 80 kamili, sawa vile unaisikiliza yote. Kwa 52X ni kilobaiti 7800 kila sekunde.

DVD iko na kipimo chake yenyewe. X moja ya DVD ni karibu kilobaiti 1385 kila sekunde, karibu mara tisa ya X moja ya CD. Kwa hiyo usilinganishe namba za diski hizi mbili. DVD ya 16X inapitisha karibu megabaiti 22 kila sekunde, na CD ya 52X haifiki hata megabaiti 8. Ile yenye namba ndogo njo yenye mbio zaidi.

Tufanye hesabu ambayo kiliya anafanya. DVD ya gigabaiti 4,7 kwa 16X ingepaswa kuisha mu dakika tatu na nusu. CD ya 52X ingepaswa kuisha mu dakika moja na nusu. Lakini hata ukiwa na graveri mupya, diski nzuri na ordinateri yenye nguvu, DVD itachukua dakika tano ao sita, na CD dakika mbili na nusu ao tatu. Hakuna aliyekuibia. Sababu ya kwanza iko mu umbo la diski yenyewe.

Kati na pembeni hazikimbii sawasawa

Wale waliotumia sahani za muziki za zamani wanakumbuka kwamba sindano ilianzia pembeni na kuelekea katikati. CD na DVD zinafanya kinyume. Kuandika kunaanzia ndani, karibu na tundu, na kunaenda kuelekea inje mu njia moja ndefu inayozunguka sawa gamba la konokono. Kwa CD, data zinaanza karibu milimita 25 kutoka katikati, na zinaisha karibu milimita 58.

Sasa fikiri watoto wanaoshikana mikono mu mustari mumoja na kuzunguka muti. Yule wa karibu na muti anatembea polepole. Yule wa mwisho anakimbia mpaka anachoka. Wote wanazunguka pamoja, wanamaliza duru pamoja, lakini wa inje anapita njia ndefu zaidi mu wakati ule ule. Diski ni vile vile. Ikizunguka kwa mwendo mumoja, pembeni yake inapita mbele ya leza kwa mbio zaidi ya mara mbili kuliko ndani.

Wangeweza kuizungusha zaidi wakati inaandika ndani, ili mbio ilingane fasi yote. Graveri za zamani zilifanya hivyo, na zingali zinafanya hivyo kwa mbio ndogo. Lakini plastiki iko na mupaka. Kwa 52X, CD inazunguka karibu mara 10.000 kila dakika. Ukiongeza tena, inatetemeka, na ikiwa na ufa kidogo karibu na tundu inaweza kupasuka ndani ya graveri. Njo maana mbio ya CD ilisimama kwenye 52X, na watengenezaji hawakuendelea kupandisha.

Kwa hiyo graveri inazungusha diski kwa mwendo ule ule tangu mwanzo mpaka mwisho. Hapo ndani inaanza na karibu 22X tu, inapanda kidogo kidogo, na inagusa 52X wakati diski iko karibu kujaa. Ukichukua kazi yote, katikati yake ni kama asilimia 70 ya namba iliyoandikwa. DVD ya 16X nayo inaanza karibu 6X ao 7X. Graveri zingine hazipandi polepole hivi, zinapanda ngazi kwa ngazi, lakini matokeo yanafanana.

Iko jambo lingine ambalo linatoka hapo. Ukiandika megabaiti 200 tu juu ya CD, kazi inaisha wakati graveri imefika karibu 33X. Ile 52X uliyolipia haujaiona hata sekunde moja. Namba ya etiketi ni kilele cha mulima, haionyeshi mwendo wa safari yote. Ukiangalia muzuri, mara mingi pembeni yake kumeandikwa kwa herufi ndogo kwamba ni mbio ya mwisho kabisa.

Graveri haisomi etiketi

Sababu ya pili inashangaza watu wengi. Maandishi yaliyochapwa juu ya diski ni ya macho ya mununuzi. Graveri inaangalia upande wa chini, na pale inatafuta kitu kingine.

Diski tupu haiko tupu kabisa. Kiwandani waliishachora ule mufereji wa konokono, na ndani yake waliweka alama ndogo zinazosema: mimi nimetengenezwa na kiwanda fulani, rangi yangu ni ya aina fulani, ninaweza kuvumilia mbio fulani. Ukiingiza diski, graveri inasoma alama hizo. Kisha inatafuta jina la diski mu orodha ambayo mutengenezaji wa graveri aliiweka ndani yake. Ikilikuta, inajua nguvu ya leza na namna ya kuandika inayofaa. Isipolikuta, inafanya sawa muganga mwenye akili mbele ya mugonjwa ambaye hamujui: inatoa dawa kidogo. Inaandika kwa 4X, ao 8X, hata kama juu kumeandikwa 16X.

Hivi, graveri ya zamani inaweza kukutana na diski iliyotoka kiwandani miaka mingi nyuma yake. Haiko mu orodha, basi mbio inashuka. Tena, jina la boksi haliko jina la kiwanda. Kampuni moja inaweza kununua diski kwenye viwanda tofauti na kuchapa jina lake juu yao yote. Njo maana mikebe mbili ya diski 50, yenye rangi moja na jina moja, inaweza kufanya kazi tofauti: mumoja unapita kwa 16X bila shida, mwingine unabaki kwa 8X. Na kwa diski za bandia, kuchapa namba kubwa kwenye etiketi ni rahisi kuliko kutengeneza rangi inayoweza kuvumilia mbio hiyo.

Usisahau graveri yenyewe. Graveri nyembamba, ile ya ordinateri ya kubeba ao ya inje inayoingia kwa USB, kwa kawaida inaishia 8X kwa DVD na 24X kwa CD. Uwekemo diski ya 16X ao ya 52X, haitapita hapo. Mwenye mwendo mudogo kati ya diski na graveri njo anayeamua.

Leza inafanya nini?

Ndani ya diski kuko tabaka ya rangi, na nyuma yake kioo chembamba cha feza ao madini mengine kinachorudisha mwangaza. CD ya kuandikwa ilitengenezwa na kampuni ya Japani, Taiyo Yuden, mwishoni mwa miaka ya 1980, na mutindo ule ungali njo musingi. Leza inapashia rangi moto kwenye fasi ndogo sana, rangi inabadilika, na pale mwangaza haurudi sawa mbele. Masini ya kusoma inatofautisha fasi iliyochomwa na ile haijachomwa. Njo maana watu wanasema kuchoma diski.

Mbele ya kuanza, graveri inajaribu leza yake kwenye fasi ndogo iliyotengwa karibu na tundu. Inachoma alama chache kwa nguvu mbalimbali, inazisoma, inachagua nguvu inayofaa. Zile sekunde unazoona kama haifanyi kitu, iko inafanya hiyo. Na mwishoni, inafunga diski: inaandika orodha ya vitu vilivyomo na mupaka wa mwisho, ili masini zingine ziweze kuisoma. Hiyo nayo inachukua wakati, hata ukiandika wimbo mumoja tu.

Ukiongeza mbio, leza inapata wakati mudogo kwa kila alama. Inapaswa kuwaka kwa nguvu zaidi na kuzima haraka zaidi. Kwa diski nzuri na graveri inayoijua, hakuna shida. Kwa diski ambayo rangi yake haivumilii, alama zinatoka ndefu sana ao fupi sana. Makosa yanaanza.

Lakini makosa hayo hayaonekani palepale. CD na DVD ziko na hesabu za kurekebisha makosa, na masini inaweza kufunika mingi bila wewe kujua. Njo maana diski inaweza kucheza muzuri mu ateliye, kwenye graveri ile ile iliyoiandika, kisha ikakataliwa na masini ya nyumbani yenye jicho lililochoka. Ao inacheza leo, lakini kukiongezeka mukwaruzo kidogo na vumbi, makosa yanapita uwezo wa kurekebisha. Diski iliyoandikwa vibaya inatumia akiba yake yote siku ya kwanza.

Polepole ambayo ni ugonjwa

Mpaka hapa tumeongea polepole ya kawaida. Kuko ingine ambayo haiko ya diski wala ya graveri.

Ya kwanza ni kubadilisha filme. Filme iliyotoka mu telefone ao kamera haiko mu aina ambayo masini ya DVD inasoma. Programu inapaswa kuitafsiri mbele ya kuandika. Kazi hii inaweza kuchukua saa moja ao zaidi kwenye ordinateri ya zamani, na wakati wote huo leza haijawaka hata. Kiliya anasema diski ni ya polepole, kumbe diski ingali inangojea.

Ya pili ni njia ya data. Graveri inataka kulishwa bila kukosa. Ikiwa filme iko mu kle ya USB na ordinateri iko na mulango wa zamani wa USB 1.1, pale panapita karibu megabaiti moja tu kila sekunde. Hiyo haitoshi hata kwa 1X ya DVD. Mbele ya mwaka 2000, graveri ikikosa chakula diski iliharibika palepale. Mwaka ule kampuni Sanyo ilileta namna ya kusimamisha leza, kungojea, na kuendelea pale iliachia. Leo graveri zote ziko na kitu kama hicho. Diski haikufi tena, lakini kila kusimama kunakula wakati. Dawa ni rahisi: peleka kwanza kila kitu ndani ya ordinateri yenyewe, kisha uandike.

Ya tatu inahusu ordinateri za zamani zenye Windows XP na graveri ya waya mupana. Windows ikihesabu makosa sita ya kupitisha data, inaangusha graveri mu njia ya polepole, na haiirudishi yenyewe mbele. Fundi anaweza kuondoa chaneli hiyo mu orodha ya vyombo, kisha kuwasha ordinateri upya ili iwekwe tena.

Ya ine ni vumbi. Hapa kwetu, wakati wa kiangazi, vumbi nyekundu inaingia fasi yote, hata mu graveri iliyofungwa. Jicho la leza likipata utando, graveri inasoma diski kwa shida, inajaribu tena na tena, inashusha mbio. Ukiona graveri iliyofanya kazi muzuri inaanza kuangusha diski za aina ile ile, angalia usafi mbele ya kulaumu diski.

Ya tano haiko ugonjwa, lakini inafanana nao. Programu kama Nero ao ImgBurn zinaweza kusoma diski yote nyuma ya kuandika, kuhakikisha kwamba kilichoandikwa ni sawa na kilichotumwa. Hiyo inaweza kurefusha kazi mara mbili. Kwa filme ya ndoa, ni dakika za maana. Usiziondoe.

Dakika tatu

Turudie ule woga wa umeme. Mutu anasema: nikiweka 16X nitamaliza mbele ya delestaje. Angalia hesabu. DVD nzima kwa 16X inachukua dakika tano ao sita. Kwa 8X inachukua dakika nane ao tisa. Tofauti ni karibu dakika tatu. Kwa CD, kati ya 52X na 24X, tofauti ni dakika moja hivi. Njo faida yote ya kusukuma mbio mpaka mwisho: dakika tatu, kwa kuhatarisha picha za siku ambayo haitarudia.

Lakini usifikiri kwamba kushuka mpaka chini kabisa njo dawa. Diski za leo zimetengenezwa kwa mbio kubwa, na mbio ndogo kabisa haiko lazima ilete alama nzuri zaidi. Graveri mingi hata haziikubali. Kwa kawaida katikati njo fasi ya usalama: 8X kwa DVD ya 16X, na 16X mpaka 24X kwa CD ya 52X.

Kwa umeme, ulinzi hautoki mu mbio. Unatoka mu batri. Ordinateri ya kubeba yenye batri iliyojaa, ao onduleri inayoshikilia dakika kumi na tano, inatosha kumaliza DVD moja. Ukitumia graveri ya inje yenye waya mbili za USB, ingiza zote mbili, juu mulango mumoja unaweza kukosa nguvu wakati leza inawaka sana.

Mbele ya kulipa

Kwa yule anayenunua diski: usichague kwa namba kubwa. Nunua moja ao mbili kwanza, ziandike, zijaribu kwenye masini ya nyumbani, si kwenye ordinateri tu. Zikipita muzuri, rudia ununue mukebe.

Kwa yule anayegrave: ingiza diski mbele ya kiliya na umuonyeshe orodha ya mbio ambazo graveri imekubali. ImgBurn inaonyesha hata alama ya kiwanda. Kama orodha inaishia 8X, kila mutu anaona kwamba si wewe uliyechagua, na ubishi unaisha mbele ya kuanza.

Na kwa familia yenye filme moja tu ya ndoa ao ya muzazi aliyetuacha: omba diski mbili, za mikebe tofauti kama inawezekana, na uache kopi ya tatu kwenye kle ao mu ordinateri ya ndugu. Weka diski mbali na jua na moto, juu rangi ile iliyochomwa na leza inaendelea kubadilika ikipata mwangaza na joto. Ukikuta diski ya zamani ingali inasoma, usingojee. Ikopi leo, wakati masini ingali inaikubali.